Jouli kwanza, futi baadaye: mwongozo kamili wa kupima nguvu ya bunduki ya easofti

Mtu akinunua bunduki ya easofti, yaani bunduki ya mchezo inayorusha gololi ndogo za plastiki, jambo la kwanza atakalokutajia ni namba iliyoandikwa kwenye boksi: futi 350 kwa sekunde, futi 400, futi 420. Namba hiyo ikisimama peke yake haina maana. Mpaka ujue gololi iliyotumika kupimia ilikuwa na uzito gani, hujui kama bunduki hiyo ni ya kuchezea uani au ni ya kumtoboa mtu ngozi. Kinachoumiza, kinachopimwa na sheria na kinachoamua miwani yako itahimili au itapasuka ni nishati, nayo hupimwa kwa jouli.

Ninaandika kutoka Uingereza, ambako mchezo huu una viwanja vingi na ambako kila mchezaji hupita kwenye meza ya kupimia kabla ya kuingia uwanjani. Mchezo wenyewe ulianzia Japani, na fizikia yake ni ile ile popote ulipo. Kama upo Afrika Mashariki, usiagize bunduki ya aina hii mtandaoni kabla hujauliza polisi wa eneo lako. Vitu hivi hufanana mno na silaha za kweli.

Hesabu yenyewe

Kanuni ni ile tuliyofundishwa sekondari: nishati mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kasi, kisha ikazidishwa kwa kasi tena. Tungamo iwe kwa kilogramu, kasi iwe kwa mita kwa sekunde, na jibu litakuja kwa jouli.

Gololi za easofti huuzwa kwa gramu, kwa hiyo gawanya kwa 1,000 kwanza. Gololi ya gramu 0.20 ni kilogramu 0.0002. Vipimo vya Waingereza na Wamarekani hutaja futi kwa sekunde, kwa hiyo zidisha kwa 0.3048 upate mita. Tuchukue bunduki inayotoa futi 350 kwa gololi ya gramu 0.20:

350 × 0.3048 = mita 106.68 kwa sekunde
106.68 × 106.68 = 11,381 (baada ya kukadiria)
11,381 × 0.0002 ÷ 2 = jouli 1.14

Sasa chukua ile bunduki ya bei nafuu ambayo boksi lake linajivunia futi 420. Soma maandishi madogo pembeni, na mara nyingi utakuta imepimwa kwa gololi ya gramu 0.12. Futi 420 ni mita 128 kwa sekunde. Piga hesabu, utapata jouli 0.98. Kumbe bunduki ya "420" ni dhaifu kuliko ya "350". Muuzaji hajadanganya, ila amechagua gololi nyepesi ili namba ipendeze, na mnunuzi asiyepiga hesabu anaondoka akidhani amepata mzinga.

Kitu cha pili cha kushika ni kwamba kasi inajizidisha yenyewe ndani ya kanuni, uzito haujizidishi. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 tu, nishati hupanda kwa asilimia 21. Ile bunduki ya futi 350 ikifika 385, nishati yake si 1.14 tena bali 1.38. Kwa macho ya mchezaji ni nyongeza ndogo, lakini kwa sheria ya Uingereza, kama tutakavyoona, ni kuvuka mpaka.

Hii hapa kasi ambayo kila gololi inahitaji ili ibebe jouli 1 kamili. Iandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya begi lako:

- Gramu 0.12: mita 129 kwa sekunde, futi 424
- Gramu 0.20: mita 100, futi 328
- Gramu 0.25: mita 89, futi 293
- Gramu 0.28: mita 85, futi 277
- Gramu 0.30: mita 82, futi 268
- Gramu 0.36: mita 75, futi 245
- Gramu 0.40: mita 71, futi 232

Kwa mpaka mwingine wowote, zidisha namba hizo kwa kipeuo cha pili cha jouli unazotaka. Mpaka wa jouli 1.3, zidisha kwa 1.14. Mpaka wa jouli 2.5, zidisha kwa 1.58. Kwa hiyo gololi ya gramu 0.30 inafika jouli 1.3 ikiwa na futi 305 hivi. Namba hiyo ikumbuke, tutaihitaji baadaye.

Kabla ya kupima: gololi

Usiamini maandishi ya mfuko bila kuyahakiki. Mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha, lakini usipime gololi moja, maana kosa la mizani litameza jibu lote. Hesabu gololi 100, zipime kwa pamoja, kisha gawanya kwa 100. Za gramu 0.20 zinapaswa kutoa gramu 20. Zikitoa 19, ujue kila hesabu utakayofanya kwa 0.20 itakuza nishati kwa asilimia 5.

Ziangalie pia kwa jicho. Gololi nzuri ina kipenyo cha karibu milimita 5.95, laini, haina mshono wala kidoti cha kalibu ya kiwandani. Yenye mshono hukwama au hukwaruza mtutu, na kasi yake huyumba kutoka mpigo hadi mpigo. Zilizookotwa chini usizirudishe kwenye magazini hata kama unabana matumizi.

Kwenye kronografu

Kronografu ni kifaa chenye milango miwili ya mwanga. Gololi ikikatiza mlango wa kwanza saa inaanza, ikikatiza wa pili saa inasimama, na kifaa kinagawanya umbali kwa muda. Kama milango imeachana sentimita 10 na gololi inakwenda mita 100 kwa sekunde, saa ina sehemu moja ya elfu ya sekunde tu ya kufanya kazi yake. Ndiyo maana upimaji wa haraka haraka hutoa namba za ajabu.

Vaa miwani ya kinga kwanza, na hakikisha kila aliye karibu na meza amevaa. Gololi ikigonga ukingo wa kifaa inarudi kwa mpimaji.

Kisha ingiza kwenye kifaa uzito wa gololi unayotumia. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea: kifaa kimeachwa kwenye 0.20 na mtu anapiga 0.28, halafu mpigaji na mpimaji wote wawili wanasoma jouli za uongo. Kasi itakuwa sahihi, nishati haitakuwa.

Weka mdomo wa mtutu karibu kabisa na mlango wa kuingilia, na mtutu unyooke sambamba na njia ya kifaa. Ukaribu una maana. Kwa hesabu ya takriban, gololi ya gramu 0.20 inayotoka kwa mita 100 kwa sekunde hupoteza karibu asilimia 4 ya kasi ndani ya mita moja tu ya hewa, yaani karibu asilimia 7 ya nishati. Anayepima akiwa amesogea nyuma hatua moja anajipunguzia jouli kwenye karatasi, si kwenye bunduki. Kifaa cha wazi kisicho na bomba kisiwekwe chini ya jua kali wala taa zinazopepesa, kwani vihisio vyake huchanganyikiwa.

Kuhusu hopapu, yaani kile kimpira kinachoizungusha gololi kinyumenyume ili ielee, wachezaji hubishana: ipimwe ikiwa imefungwa au imelegezwa? Mimi napima mara mbili. Kwanza ikiwa imerekebishwa kama itakavyochezwa, halafu ikiwa imelegezwa kabisa, na nachukua iliyo kubwa zaidi. Mchezaji anaweza kuzungusha hopapu kwa kidole akiwa uwanjani, kwa hiyo kipimo cha haki ni kile kikubwa ambacho bunduki inaweza kukifikia bila kufunguliwa.

Piga mara tano hadi kumi, moja moja, na andika zote. Usiridhike na wastani. Unatafuta namba mbili: ya juu kabisa, kwa sababu ndiyo itakayompata mtu siku moja, na tofauti kati ya ya juu na ya chini, kwa sababu ndiyo inayosimulia afya ya bunduki. Bunduki ya umeme iliyo nzima huachana kwa futi chache. Ikiachana kwa futi 20 au 30, hewa inavuja mahali fulani: oringi (pete ya mpira) ya pistoni imekauka, nozeli (kijibomba kinachopeleka hewa mtutuni) haikai vizuri, au kimpira cha hopapu kimechanika.

Gesi, hewa, na nishati inayoongezeka kimyakimya

Katika bunduki ya springi, iwe ya kuvuta kwa mkono au ya betri na mota, springi ikibanwa inahifadhi kiasi kile kile cha nishati kila mpigo. Ukibadilisha gololi kutoka 0.20 kwenda 0.30, kasi inashuka lakini jouli zinabaki karibu pale pale. Ndiyo maana viwanja vingi vilizoea kupima kila mtu kwa 0.20 na kumaliza kazi.

Bunduki za gesi na za hewa iliyoshindiliwa haziendi hivyo. Hapa kuna akiba ya gesi inayoendelea kusukuma maadamu gololi bado imo mtutuni na vali iko wazi. Gololi nzito ni kama mkokoteni uliojaa: unaanza taratibu, na kwa sababu unaanza taratibu mikono inakaa nao muda mrefu zaidi. Gesi ambayo kwa gololi nyepesi ingetoka bure mdomoni mwa mtutu, kwa gololi nzito inafanya kazi. Jouli zinapanda, na mtutu ukiwa mrefu zinapanda zaidi.

Chukua mfano wa mchezaji mwenye bunduki ya hewa, anayefika mezani na gololi za 0.20 na kupata futi 350. Jouli 1.14, safi. Anaingia uwanjani, anajaza 0.30, na bunduki ile ile sasa inatoa futi 310. Anayetazama futi anaona imepungua. Lakini tulishaona kwamba 0.30 inagusa jouli 1.3 kwenye futi 305. Huyu yuko kwenye 1.34. Kama nishati ingebaki ile ile ya mwanzo, angesoma futi 286 hivi.

Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia bila kulegeza ni moja: kila mtu apimwe kwa gololi atakayocheza nayo, itoke kwenye magazini yake mwenyewe, na mpaka uandikwe kwa jouli. Kiwanja kinachoandika mpaka kwa futi pekee kimemwachia mlango mwenye hila, na pia kimemwonea mwenye bunduki ya springi asiye na kosa.

Gesi ina jambo la pili, nalo ni joto. Gesi ya kijani inayotumika kwenye bastola nyingi kwa sehemu kubwa ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni. Mgandamizo wa propani chupani ni bar 6.4 hivi katika nyuzi 10 za Selsiasi, na karibu bar 10.8 katika nyuzi 30. Bastola iliyopimwa asubuhi ya baridi si ile itakayokuwa mikononi mwako mchana wa kiangazi. Ipime tena joto likipanda. Ukipiga haraka haraka, gesi inayogeuka kutoka umajimaji hunyonya joto na kuipoza magazini, kasi ikashuka mpigo baada ya mpigo. Kwa hiyo subiri sekunde kadhaa kati ya mipigo ya kupimia, la sivyo utaandika namba ndogo kuliko ukweli.

Mipaka inatoka wapi

Japani iliweka mpaka wake mwaka 2006, na iliuweka kwa njia ninayoiona ya busara: jouli 3.5 kwa kila sentimita mraba ya mkato wa katikati wa gololi. Sababu ni kwamba ngozi na jicho huumizwa na nishati iliyokusanyika mahali padogo. Kwa gololi ya milimita 6 hesabu hiyo inatoa takriban jouli 0.98, ndiyo maana bunduki nyingi za Kijapani hutoka kiwandani zikiwa chini ya moja. Ziko pia bunduki za watoto wa kuanzia miaka 10, ambazo hukomea jouli 0.135. Kwa gololi ya 0.20 hiyo ni mita 37 tu kwa sekunde.

Uingereza ilifafanua easofti kisheria mwaka 2017. Bunduki inayoweza kufyatua mfululizo kwa kubonyeza triga mara moja isizidi jouli 1.3 mdomoni mwa mtutu. Isiyoweza, isizidi 2.5. Tazama neno "inayoweza". Kusema "mimi sipigi mfululizo" hakukusaidii kama swichi ya mfululizo ipo na inafanya kazi. Ukivuka mipaka hiyo unapoteza kinga ya easofti, na bunduki ya mfululizo iliyovuka inaangukia kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku. Hiyo ni kesi ya jinai, si onyo la mwamuzi.

Ujerumani hutenganisha kwenye jouli 0.5. Juu ya hapo bunduki inahitaji alama ya herufi F ndani ya pembetano, mwenye nayo awe na miaka 18, na ufyatuaji wa mfululizo hauruhusiwi.

Viwanja vyenyewe mara nyingi hujiwekea mipaka ya chini zaidi. Nchini Uingereza futi 350 kwa 0.20 ni ya kawaida, na wadunguzi wenye bunduki za kukoki kwa mkono hupewa hadi futi 500, yaani jouli 2.32, kwa sharti la kutompiga mtu aliye karibu kuliko mita 30. Ukikabidhiwa bunduki ya namna hiyo, beba na bastola ya nguvu ndogo kwa ajili ya walio karibu.

Nini hutokea njiani

Jouli za mdomoni ni mwanzo tu. Gololi ni nyepesi na mviringo, na hewa huila kasi yake vibaya sana. Nimepiga hesabu ya takriban kwa hewa ya usawa wa bahari, nikilinganisha gololi mbili zinazotoka na jouli 1 kila moja: ya gramu 0.20 kwa mita 100 kwa sekunde, na ya gramu 0.30 kwa mita 82.

Zikifika mita 30, ile nyepesi imebaki na mita 32 kwa sekunde na jouli 0.1 tu. Ile nzito ina mita 39 na jouli 0.22, zaidi ya mara mbili. Na la kushangaza wengi, zote mbili zinafika hapo karibu kwa wakati mmoja, kwenye nusu sekunde na ushei. Kutoka hapo nzito inatangulia. Hadi mita 50, ikiwa hopapu inaweza kuzibeba, nyepesi inatumia karibu sekunde 1.5 na nzito sekunde 1.2. Kwa hiyo anayefukuzia futi nyingi mezani kwa gololi nyepesi ananunua kasi ya mita za mwanzo, kisha anapitwa.

Hii pia inaeleza kwa nini umbali mfupi una hatari yake. Katika mita 10 ile 0.20 bado ina karibu jouli 0.47, na katika mita 2 ina sehemu kubwa ya jouli yake yote. Ndani ya majengo mipaka ya chini ina haki yake.

Kushusha au kupandisha

Bunduki ya umeme ikizidi mpaka, badilisha springi. Springi huandikwa M90, M100, M110, M120, na namba hiyo hukaribia mita kwa sekunde kwa gololi ya 0.20. M100 basi ni jouli 1 hivi, M120 ni karibu 1.44. Kwa mpaka wa 1.14, yaani futi 350 kwa 0.20, nunua M100 au M105, usipapase M110 kwa matumaini, maana springi mpya hupiga juu kidogo kabla haijazoea. Usikate springi ya zamani kwa koleo: inakaa upande, inaimega pistoni, na kasi yake haitulii tena.

Bunduki ya hewa hushushwa kwenye kidhibiti cha mgandamizo cha tangi, na kidhibiti kifungwe kufuli baada ya kupimwa. Bastola ya gesi ina njia chache: nozeli yenye skrubu ya kupunguza mtiririko, au gesi yenye mgandamizo mdogo.

Kama kasi ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa, tafuta uvujaji kabla ya kufikiria springi ngumu. Oringi mpya na grisi ya silikoni hurudisha futi nyingi, bila kuitesa gia wala mota. Na kila baada ya kugusa springi, mtutu, nozeli, kimpira cha hopapu au uzito wa gololi, rudi kwenye kronografu. Vipimo vya jana ni vya bunduki ya jana.

Miwani, kwa jouli

Kiwango cha Ulaya cha EN 166, ambacho nafasi yake imechukuliwa na EN ISO 16321, kilijaribu miwani kwa kuipiga na mpira wa chuma wa milimita 6 wenye gramu 0.86. Herufi F ina maana ilihimili mita 45 kwa sekunde, B mita 120, A mita 190. Weka namba hizo kwenye kanuni yetu: F ni jouli 0.87, B ni 6.2, A ni 15.5. Miwani yenye F peke yake imejaribiwa kwa nishati ndogo kuliko ile inayotoka kwenye bunduki ya kawaida ya uwanjani. Tafuta B, iliyoziba pande zote usoni ili gololi isipenye pembeni wala miwani isivuke ukikimbia.

Nyavu za chuma hazishiki ukungu na wengi wanazipenda, ila gololi mbovu ikipasuka juu yake vipande vinaweza kupita. Kwa macho navaa kioo cha polikaboneti, nyavu nazibakiza chini kulinda meno. Kioo kisisafishwe kwa thina wala petroli, maana kemikali hizo hukifanya kiwe na nyufa ndogo. Kikipata ufa au mchubuko wa kina, kibadilishe kabla ya mchezo unaofuata.